Kopo la Kufa Lisiwe la Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Wa Mpanda mjini, wa Sitalike, wa Mishamo, na nyie wa kule Ugalla mnaoning'iniza redio kwenye tawi ili mnipate vizuri, wote nawasalimu. Vuteni vigoda.

Leo tunamkumbuka Mama Gaudiose, yule wa ukumbi wa sinema. Ila nawaambia mapema, kipindi cha leo kitaanzia mwisho. Msiseme Ndaki kachanganyikiwa. Au semeni tu, maana nimechanganyikiwa kweli. Wiki nzima nimezunguka na kinasa sauti changu, na kila ninayemuuliza ananipa lake. Lakini hili la kuanzia mwisho ni ombi la familia. Binti yake, Pelagia, alinishika mkono akasema, "Kaka Ndaki, anza na kaburi. Ukianza na kitu kingine, mama hatakusamehe."

Haya. Naanza na kaburi.

Gaudiose tumemzika Ijumaa iliyopita, mwaka huu wa 1998, mvua ikinyesha na udongo ukinata kwenye viatu. Homa ilimpata, akalala, hakuamka. Watu walikuwa wengi. Walikuwepo ndugu zake kutoka Mishamo waliokuja kwa baiskeli, na wafugaji wameegemea fimbo zao. Mumewe, Mzee Felisiani, alisimama kaburini na funguo za ukumbi mkononi, hajui aziweke wapi.

Padre alipomaliza, Pelagia akatangaza kwamba mama ameacha neno. Watu wasirudi nyumbani kukaa matanga. Waende ukumbini, waangalie picha, kisha wale maharage.

Jamani! Msiba na sinema wapi na wapi? Wazee waliguna. Wakina mama walitazamana, wengine wakacheka huku machozi yanawatoka, wakajifunika khanga kwa aibu. Mama mmoja alinivuta shati akaniuliza, "Baba, hapa tunalia au tunafanya nini?" Nilimwambia tufuate wenzetu. Tukaenda.

Sasa, kwa wasiomfahamu. Gaudiose alikuwa mfafanuzi wa picha. Picha inaonyeshwa ukutani, inazungumza Kihindi, na yeye amesimama pembeni anawaambia watu kinachosemwa. Kihindi hakukijua. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Kihindi hakukijua hata neno moja. Alikuwa Mrundi, alikimbilia Tanzania akiwa msichana mwaka 1972, akaja kukulia kambi ya wakimbizi ya Mishamo, akaolewa hapa mjini na Felisiani, mwendesha mashine ya picha. Jinsi alivyoanza kufafanua nitaisema mwishoni, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa.

Ukumbi wenyewe mnaujua. Ulijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya watu wa mgodi. Mgodi ukafungwa, ukumbi ukabaki. Picha zilikuja na treni kutoka Tabora, zinaonyeshwa, zinarudishwa. Halafu zikaja video. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, yule bwana wa Tabora aliyekuwa akituma picha akafunga duka, akahama, hakuaga. Mpanda ikabaki na picha moja tu ambayo hakuna aliyekuja kuichukua.

Picha moja. Makopo saba ya mikanda. Na hapo ndipo vurugu ilipoanzia.

Sanduku la ile picha lililowa stesheni, siku ya mvua kubwa. Karatasi zilizobandikwa kwenye makopo, zile zenye namba, zikabanduka zote. Mikanda miwili ikaanza kuoza nchani. Felisiani akafanya kama watu wa kwao Ugalla wanavyofanya wakikuta sega bovu mzingani: akachukua mkasi, akakata palipooza, akatupa.

"Nilidhani nasafisha," aliniambia Mzee Felisiani juzi, kichwa chini. "Kumbe nimekata mwanzo wa picha, na nimekata mwisho. Vile vichwa vyenye majina na maandishi ndivyo nilivyotupa. Tangu hapo, Ndaki, hakuna binadamu Mpanda hii anayejua lipi la kwanza na lipi la mwisho. Hata mimi. Ningejua ningekuficha?"

Basi mjini pakachimbika. Mmoja anasema harusi ndiyo mwanzo. Mwingine anasema wewe, mtu anaolewa kabla hajazaliwa? Mafundi baiskeli wa sokoni waligawanyika, wengine hawasalimiani mpaka leo. Aliyewapatanisha ni Gaudiose. Alishika kiuno akasema, "Nyie mnagombana nini? Hamna mwanzo, hamna mwisho. Kila Jumamosi tutapanga upya, na mimi nitasimulia inavyokuja."

Na ikawa. Kila Jumamosi mchana, makopo yale yale saba, mpango mwingine. Wiki hii yule mwenye sharubu ni mwizi. Wiki ijayo ni baba mzazi. Wiki nyingine ni askari aliyejificha. Watu wakajaa! Kiingilio ulileta ulichonacho: debe la mahindi, asali, maziwa, karanga. Vinauzwa, inanunuliwa dizeli ya jenereta. Paa likivuja, wafugaji wanaleta ngozi. Viti vikivunjika, wapasua mbao wanaleta mabenchi. Na nyuma ya ukumbi, Gaudiose anapika maharage. Picha ikiisha, kila mtu anakula kabla ya kwenda kwake.

Mlangoni utawasikia wanaulizana. "Wewe, yule mama si alikufa?" "Alikufa lini? Mbona ndiyo kwanza anapika!" "Nimemwona mimi kwa macho yangu amelala, wanamlilia!" "Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, bwana. Usituharibie."

Maana katika yale makopo lipo moja ambalo mama wa kwenye picha anakufa. Lipo na lingine ambalo mama yule yule anakoroga sufuria, anageuka, anaita. Watu waliyapa majina. Kopo la kufa na kopo la sufuria. Na Gaudiose alikuwa na sharti moja tu: kopo la kufa lisiwe la mwisho. Liweke la kwanza, liweke katikati, utakavyo. La mwisho, hapana.

Siku moja aliugua, akabaki kitandani. Vijana wakapanga wanavyojua, kopo la kufa likawa la mwisho. Watu walitoka kimya. Maharage yakabaki sufuriani. Romana, jirani yao, anakumbuka vizuri: "Alisikia hatuzungumzi njiani. Akatoka na shuka lake, anatetemeka kwa homa, akaanza kutufokea pale barabarani. Nani amewaruhusu? Nani? Mimi nilifikiri malaria imempanda kichwani."

Felisiani alipomrudisha ndani, ndipo mkewe akamwambia. Wakati wa kukimbia Burundi, yeye na mama yake walipotezana njiani. Watu wengi, giza la msitu, kila mmoja na mzigo wake. Alivuka mpaka, mama hakuonekana. Hakusikia kwamba amekufa. Hakusikia kwamba yu hai. Aliuliza kila aliyefika Mishamo, miaka na miaka, na kila mtu alimwambia lake.

"Akaniambia," anasema Mzee Felisiani, "mama yangu mimi sikumwona akizikwa. Huyu wa ukutani nimzike kwa nini?"

Wasikilizaji wapendwa, nilizima kinasa sauti kidogo hapo. Mzee alikuwa analia, na mimi pia.

Sasa ikaja taabu. Wenye jengo walisikia kwamba Mpanda wana picha moja miaka nenda rudi. Wakasema ukumbi usio na picha mpya ni ukumbi uliokufa, na jengo lililokufa linafaa kuwa ghala la mahindi. Wakamtuma mtu wao, Bwana Masalu, aje ajionee Jumamosi mbili. Akiona picha mpya, wataliacha. Akiona ile ile, mavuno yakiingia, magunia yanaingia. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

Jumamosi ya kwanza, Bwana Masalu alikaa benchi la tatu, mkoba magotini. Kopo la sufuria likatangulia, kopo la kufa likawa katikati, harusi ikafunga. Gaudiose akasimulia habari za kijana anayehangaika. Masalu akapiga makofi kama wengine, akaenda zake.

Jumamosi ya pili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wanaomba kimoyomoyo. Mashine ikaanza, na la kwanza ni kopo la kufa. Mama amelala, wanamlilia. Mara Bwana Masalu akasimama. "Simamisha mashine! Huyu mama nilimwona wiki iliyopita. Picha ni ile ile hii!"

Lo! Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Felisiani alikuwa kwenye tundu la mashine, mkono kwenye swichi, hajui azime au aache. Romana alianza kukusanya khanga yake, akijua yameisha.

Gaudiose hakuhama pale pembeni. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya Kirundi inayobembeleza, "Baba, ile ya wiki iliyopita ilikuwa habari ya kijana aliyempoteza mama yake. Hii ni habari ya mama aliyepatikana. Zinafanana wapi? Kaa, mwanangu. Bado hajaamka."

Masalu akabaki ameduwaa. Akatazama ukuta, akamtazama Gaudiose, akatazama watu. Kisha akakaa. Makopo yakapita, harusi, mbio za farasi, yule mwenye sharubu, na mwishowe kabisa lile la sufuria. Mama anakoroga, anageuka, anaita.

Watu walikula siku hiyo bila ladha, kila mtu anamvizia mgeni. Masalu naye alipewa sahani. Akala kwanza. Halafu akamsogelea Gaudiose pale kwenye mafiga, na Pelagia alikuwepo, alisikia.

"Mama, Jumamosi ijayo mtaanza na lipi?"

"Wewe unataka lipi, baba?"

Akaweka sahani chini. Kisha akasema mama yake amefariki kwao Shinyanga, mwaka ule ule, na yeye treni ilichelewa, akakuta udongo umeshafukiwa. Tangu siku hiyo kila akifumba macho anaona udongo. "Anza na la kufa," akasema. "Hata kama sitakuwepo. Nataka nijue kwamba mahali fulani kuna watu wanatoka nje wakiwa wamemwona anapika."

Akarudi kwa waliomtuma akawaambia: Mpanda kila Jumamosi wana picha mpya. Na ukumbi haukuguswa. Magunia yalikwenda kwingine.

Nilimpata Bwana Masalu juzi msibani, nikamuuliza, mzee wangu, ulidanganya au hukudanganya? Akakuna kichwa. "Ndaki, mpaka leo sijui. Picha ilikuwa ile ile, hilo najua. Lakini niliyoiona Jumamosi ya pili sijawahi kuiona kabla. Sasa wewe uniambie, hapo uongo uko wapi?" Nami nawarushia swali nyie mnaosikiliza, kwa sababu mimi limenishinda.

Mzee Felisiani, Pelagia, wakwe na ndugu wa Mishamo, poleni sana. Poleni kwa niaba ya wote tuliowahi kukaa kwenye yale mabenchi. Mungu ampumzishe Gaudiose kwa amani. Na nyie wengine, leo mkizima redio, mkae kidogo. Kila mmoja wetu ana mtu wake ambaye anamkumbuka kwa siku ya mwisho tu, kitanda, jeneza, udongo. Jaribuni kumpanga upya. Mtafute siku nyingine, muiweke ya mwisho.

Nasi tulipofika ukumbini Ijumaa ile, na matope miguuni, Felisiani aliweka kopo la kufa kwanza. Tulilia mle ndani, sana. Hapakuwa na wa kufafanua. Lilipofika kopo la sufuria, yule mama akageuka, akaita kwa Kihindi chake, na hakuna aliyetuambia amesema nini. Lakini watu wote walisimama wakaenda nyuma, wakachukua sahani.

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, natimiza ahadi. Tulianza na kaburi. Hili ndilo kopo langu la mwisho.

Ni Jumamosi moja zamani kidogo, jua kali. Gaudiose ni mke mpya mjini. Ndani ya sinema hajawahi kukanyaga. Amebeba chakula cha mumewe kwenye sufuria, kitenge cha njano, jasho linamtiririka. Anasukuma mlango wa ukumbi, anasimama. Ndani watu wanalalamika, mfafanuzi wao hakufika na hawaelewi kitu. Ukutani, katika picha ile ile itakayorudi na kutubakia baadaye, kuna mwanamke, mkubwa kupita nyumba, anakoroga sufuria kama ile aliyoibeba yeye. Anageuka, anaita.

Mzee mmoja wa benchi la nyuma anamgeukia Gaudiose, maana ndiye aliye karibu. "Binti, anasema nini huyu?"

Gaudiose anatazama ukuta. Anatazama sana. Kisha anacheka, machozi yanamlengalenga, na anajibu kwa sauti, ukumbi mzima unamsikia:

"Anasema njooni nyie wote mle. Chakula kimeiva."