Mama Miche na Mawaridi 312 Yaliyopandwa Kichwa Chini

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika bustani yetu ya umma, Mama Miche anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tulilisahau zamani, na nadhani hata mume wake, fundi seremala, hulitumia akikasirika tu.

Aliajiriwa kufagia njia. Mwaka wa pili alikutwa akiotesha, kwenye makopo ya rangi, matawi aliyopewa akayatupe. Mkuu wa bustani wa wakati huo, badala ya kumfokea, alimhamishia kitaluni. Miti yote inayotia kivuli maegesho yetu ya magari imepita mikononi mwake. Siku alipojifungua kitindamimba wake alituma mtu aje kuwakumbusha wenzake kwamba miche ya kona ya kushoto haijamwagiwa maji.

Ulimi anao pia. Anayemwagilia kwenye jua la saa saba huulizwa anapika mboga gani. Anayesema mmea umekufa huulizwa kama ameupima mapigo ya moyo.

Miaka sita iliyopita bustani ilifungwa kwa miezi kumi na minne ili mabomba yote yafukuliwe na kubadilishwa. Tukaambiwa kwamba kitalu kisicho na wageni hakihitaji watu saba. Wengine tungehamishwa, wengine tungerudishwa nyumbani. Mama Miche hakulalamika. Aliomba miezi mitatu, akasema kama watu hawawezi kuja bustanini, basi bustani itawafuata. Mkuu akakubali kwa sharti moja: miezi hiyo ikiisha na watu mia tatu bado wanashiriki, kitalu kinabaki.

Ndipo ikazaliwa Bustani Nyumbani. Kila baada ya wiki mbili tulipeleka bahasha kwa pikipiki, na somo lake likafuata kwa sauti kwenye simu. Watu walisuka vikapu vidogo kwa maganda makavu ya migomba. Walikausha maua ndani ya vitabu vizito, wakayabandika kwenye kadi. Asubuhi Mama Miche alirekodi ndege wa bwawani na kueleza nani anaimba na nani anagombana na mwenzake. Bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu anayetumia kiti cha magurudumu, alipiga simu kusema hajawasikia bata wale tangu miguu imshinde. Basi wakawa marafiki wa kila Jumatatu.

Bahasha ya nne ilikuwa na tawi la waridi la kuotesha. Kitaluni kwetu ncha ya juu ya tawi hukatwa kwa mshazari ili maji yateleze, na ya chini hukatwa sawasawa. Ni desturi ya Mama Miche mwenyewe. Kwa hiyo katika somo aliwaambia watu 312 kwamba upande wa mshazari uangalie juu.

Lo! Matawi yale yalikuwa yamekatwa na mtu aliyefundishwa chuoni kwamba mshazari ni wa chini. Nyumba 312 zikapanda waridi kichwa chini miguu juu, na kuyamwagilia kwa mapenzi yote.

Wiki tatu baadaye simu zikaanza. Mama Miche alimwomba yule fundi cherehani ang'oe tawi lake na kumweleza macho ya tawi, yale machipukizi madogo, yanatazama wapi. Yalitazama chini. Mama Miche akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akarekodi ujumbe: kosa ni lake, amefundisha vibaya, kila mtu ang'oe na kugeuza, na ambaye lake halitashika ataletewa jingine. Tukakata matawi mapya na kuyafunga uzi mwekundu juu. Watu walicheka, wakawasimulia majirani, na majirani nao wakaomba bahasha. Miezi mitatu ilipoisha walikuwa 540. Watu saba wa kitaluni tukabaki wote saba.

Lakini kosa lilipaswa kuandikwa. Mama Miche alipewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote, na kwa sababu hiyo alikosa tuzo ya utumishi safi ambayo jina lake lilikwishapendekezwa.

Aliyekata matawi yale ni mimi. Nilikuwa na miezi mitano kazini, bado katika majaribio, na watoto wawili nyumbani. Nilimfuata ili twende tukaseme kwa mkuu. Akanikatalia katakata. Alisema barua moja katika miaka ishirini na minane ni doa tu, lakini barua moja katika miezi mitano ni nauli ya kurudi kwetu. Akanipa mkasi, akaniambia nikakate upya. Nikanyamaza, na nimeona aibu miaka sita.

Wiki iliyopita nilimwandikia mkuu wa bustani haya yote. Juzi barua ile ilitolewa kwenye faili la Mama Miche, na nyingine yenye jina langu ikaingia kwenye faili langu. Mama amenifokea sana kwa kufanya hivyo, na sijawahi kufurahia kufokewa namna ile.

Mama yetu, ahsante. Kapumzike na mzee wako. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na udongo usiokosa maji. Tuzo yako ya utumishi safi utakabidhiwa Ijumaa, na atakayeibeba mpaka mezani kwako ni mimi.