Glavu za Kadii

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Kadii, kaa hapa penye kichwa. Levis, hapo ulipo panakutosha. Shangazi yenu Dorothy asikie kila neno, asije mtu kesho akasema mzee alikuwa anaweweseka.

Shamba la ng'ambo ya mto, lile la migomba, mligawane nusu kwa nusu; hiyo ni haki ya damu, siwezi kuizuia. Lakini karakana, tezo, patasi zangu zote na lile gogo lililolala uani ni vya Kadii peke yake.

Najua unachosema moyoni, Levis: atachongaje na mkono usiokunjika? Basi leo niseme ni nani aliyeuharibu. Dada yako alisafiri hadi Malindi akanunua glavu zisizopitisha kisu, kwa sababu mkono unaoshika mti ndio unaoliwa na chuma. Mimi nimechonga kwa mikono mitupu maisha yangu yote, na vidole vyangu mnaviona; nilipoziona zile glavu nilifurahi. Wewe uliona wateja wa Garsen wanamwulizia yeye na kukupita wewe, ukazichukua alfajiri ukazitupa mtoni Tana, kisha ukamwambia mbele ya watu kwamba fundi anayeogopa kisu akasuke mikeka. Akaona haya. Akaendelea kumalizia kiti cha harusi vivyo hivyo, kisu kikateleza kwenye kifundo cha mti, kikampasua kiganja hadi kwenye kano. Tukamfunga leso, tukampakia kwenye bodaboda damu ikichuruzika, nawe umesimama pale unamwambia, "Sasa umekuwa fundi."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kadii ameniomba nikusamehe, hata asubuhi hii amelia. Nimekataa. Yeye akusamehe akitaka, mkono ni wake. Mimi ni baba yake, na sikusamehe.

Sikilizeni basi. Kadii, tafuta mafundi, waelekeze kwa mdomo, na asishike kisu mtu yeyote katika karakana yako bila glavu, hata awe mwanao wa kumzaa. Atakayecheka, mfukuze siku hiyo hiyo. Nikifa, Levis asinioshe, asibebe jeneza, asitupe udongo kaburini. Watu wakiuliza, Dorothy, waambie sababu. Usiifunike.

Nipeni maji... kidogo tu.

Kadii, lete mkono. Siyo huo, ule mbovu. Mungu aubariki. Akupe watu waaminifu, akupe... akupe uzee wenye usingizi. Kazi yako ipendwe hata na... na wasiokujua.

Nani huyo anapiga magoti? Levis? Mwambieni ainuke. Mkono wangu mmoja anao Kadii. Huu mwingine... ufunikeni shuka.