Bi Anastasia Kunambi na Madebe Ambayo Mashine Haikuyaona

Tarehe 30 Juni 2009, Bi Anastasia Kunambi, mkuu wetu wa stoo, anastaafu baada ya miaka ishirini na tatu ya kazi. Alianza mwaka 1986, duka likiwa bado la umma. Kutunza stoo kulikuwa kazi nyepesi wakati huo, kwa kuwa stoo haikuwa na kitu.

Biashara ilipofunguliwa na duka kupata mmiliki binafsi, bidhaa zilijaa hadi kwenye ngazi. Kuhesabu mali kulitulazimu kufunga duka kutwa, wateja wakituchungulia dirishani. Kwa hiyo mwaka 2006 kampuni ilipoleta lebo za redio, vikaratasi vyenye chipu ambavyo mashine ya mkononi huvisoma kwa mbali, Bi Anastasia alizipokea kama aliyeletewa mjukuu. Alibandika moja hata kwenye mwavuli wake. Mashine ya mlangoni ikawa inamtangaza kila akienda kunywa chai.

Haukupita muda, mashine ikasema madebe ya mafuta ya kula hayamo stooni. Bi Anastasia aliiamini. Alitoa taarifa bila kuingia ndani, na Eustace, mpakiaji aliyekuwa na funguo siku hiyo, akasimamishwa kazi kwa tuhuma za wizi.

"Mama, mafuta yapo," Eustace alimwambia. Akarudi kwao Mkuyuni.

Wiki iliyofuata Bi Anastasia aliingia stooni kupumzisha miguu, akakaa juu ya debe. Debe lilikuwa la mafuta, limejaa. Kisha akainuka, akalielekezea mashine. Mashine ikajibu kwamba hapakuwa na kitu.

Oscar, fundi wa mashine hizo, alikuja kutoka Dar, akaeleza kuwa chuma huzuia mawimbi ya redio. Alikuwa ameshatueleza hayo kwenye mafunzo, katika kipindi cha baada ya chakula cha mchana.

Meneja alitaka Eustace apigiwe simu. Bi Anastasia alikataa, akapanda gari hadi Mkuyuni. Alimkuta mama yake Eustace, aliyemzidi umri kidogo, akichambua mchicha barazani pamoja na majirani, ambao habari ya wizi walikuwa nayo tayari.

"Shikamoo, mama," alisema mbele yao wote. "Mwanao hakuiba. Mimi ndiye niliyesema kaiba, na sikwenda kuangalia."

Mama aliitikia marahaba, akaendelea na mchicha wake. Baadaye sana akasema, "Kaa basi, chakula kinaiva." Bi Anastasia anasema hajawahi kula ugali kwa hofu namna ile.

Eustace alirudi kazini. Yeye, Bi Anastasia na Oscar walijaribu kuweka kipande cha sponji nene kati ya lebo na debe, na mashine ikaanza kusoma. Siku hizi tunahesabu mali huku duka liko wazi. Bi Anastasia pia aliuomba uongozi kwamba asituhumiwe mfanyakazi yeyote kabla mtu hajaingia stooni kwa miguu yake. Matawi yote yanafuata hivyo.

Kwa pendekezo lake, nafasi yake inachukuliwa na Eustace. Alipokabidhiwa funguo alisema tu, "Asante, mama." Bi Anastasia aligeukia dirisha linalotazama milima, kama anayekagua mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Bi Anastasia, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na kwa safari ile ya Mkuyuni. Nenda nyumbani Kihonda ukapumzike. Afya iwe nawe, na siku zako ziwe nyingi na njema.