Ile Mashine Haijafa

Haya, kaeni wanangu, na mama yenu naye akae, aache kunipangusa uso kana kwamba mimi ni meza. Nisikilizeni vizuri, maana sauti yenyewe ndiyo hii iliyobaki, na daktari aliyekuja asubuhi alinisemesha kwa upole mno, nami nimezunguka hospitali nyingi kiasi cha kujua daktari akiwa mpole mno maana yake ni nini. Nimewaita kwa jambo moja. Mengine nitayataja kwa sababu wosia usio na nyumba wala shamba watu huuona kama porojo za mgonjwa, lakini jambo ni moja: kile chumba cha mwisho katika hospitali ya zamani, chenye ukuta mnene na mlango wa chuma, ndani ya jengo ambalo wewe, mkubwa wangu, umepewa kazi ya kung'oa vyuma vyake kabla halijabomolewa. Chumba kile usikifungue. Usinijibu sasa, sijamaliza.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho, na mtu asithubutu kumhamishia chumba cha uani eti kwa sababu wajukuu wamekuwa wengi. Shamba mligawane sawa kwa sawa, kaka na dada, na asije mjomba yeyote na hadithi kwamba binti ana kwao kwingine. Baiskeli yangu mpeni yule jirani fundi viatu. Mnakumbuka watu wa mtaa huu walivyokuwa, walikuwa wakiniita Bwana Mionzi, na nikienda msibani kikombe nilichonywea hakishikwi tena, wanadhani ninang'aa gizani kama kimulimuli. Fundi viatu peke yake ndiye aliyekuwa akinywa chai katika kikombe changu mbele yao wote, tena bila kukisuuza, akisema yeye gundi ya viatu imeshamuua zamani. Mtu wa namna hiyo hasahauliwi.

Kazi yangu mliiona kwa nje tu, mkiniona natoka na kile kipimo kinacholialia kama kifaranga. Mkaguzi wa mionzi. Hata wakubwa walionituma hawakuelewa nakagua nini. Niliwahi kuandika kuomba risasi ya kukinga chumba cha picha za mifupa, na wiki iliyofuata polisi wawili wakaja ofisini kuniuliza, kwa adabu kabisa, ninataka kumpiga nani. Mama yenu anacheka, anakumbuka. Wahenga wamesema mwenye macho haambiwi tazama, lakini katika kazi yetu mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa, maana kitu chenyewe hakionekani, hakinuki, hakina joto, na mtu akishakuona unaogopa kitu asichokiona yeye anakuona mwendawazimu, au anadhani unataka kitu kidogo.

Sasa sikilizeni habari ya mashine ile. Ilikuwa ya kutibu saratani, na ilitibu watu wengi, siisemi kwa ubaya. Mashine ya picha za mifupa ukiichomoa kwenye umeme imelala, hata ukiipiga nyundo haikufanyi kitu. Hii nyingine haina kulala. Kichwani mwake, ndani ya risasi nzito, ile ya madini si ya bunduki, mna kipande cha kobalti kisichozidi kidole gumba, na kipande hicho kinatoa mionzi mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo, mgonjwa awepo asiwepo. Siku mota ilipoungua na kitanda kikakataa kusogea, fundi wa hospitali, mtu mwema, akachukua rangi akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: IMEKUFA. Ndivyo mafundi wanavyosema. Gari likigoma limekufa, redio ikinyamaza imekufa. Nilimwambia, ndugu yangu, kilichokufa ni mota, mwenyewe yumo ndani yu hai. Nikalifuta neno lile, nikaandika IKO HAI, USIINGIE. Wanangu, wauguzi walicheka mpaka wakakaa chini, na kesho yake nikakuta wafagiaji wamegoma kupita ukumbi ule kwa kuwa mkaguzi amesema mna pepo. Mganga mkuu akaamuru maneno yangu yafutwe na ya fundi yarudi, kwani ya fundi hayakumtisha mtu. Neno moja tu lile, nami sikupata lingine la kuliondoa vinywani mwa watu.

Hospitali ikahamia jengo jipya, mashine ikabaki. Nilitia lakiri mlangoni, nikaomba gari la kuihamisha, nikaambiwa gari lipo ila ghala la kuitunza halipo. Nikaomba ghala, nikaambiwa ghala litajengwa, tuhamishe kwanza tuone ukubwa wake. Nikaomba waliotuuzia waichukue, wakajibu vizuri sana kwamba wangependa, ila meli haziutaki mzigo wa namna hiyo. Hakuna aliyenifukuza, hilo ndilo lililonimaliza. Kila niliyemwendea alinipa kiti, akanisikiliza, akaniambia nina haki, kisha akanipeleka kwa mwenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilistaafu nikauacha mzigo pale pale, na aliyeupokea ni huyu dada yenu, kitindamimba wangu, ambaye kila mwaka anakwenda kuutazama mlango ule na kurudi nyumbani amenuna, nami namwambia tu pole mama. Na hivi majuzi, ofisi nyingine isiyojua lolote imeruhusu jengo livunjwe. Hawakumuuliza mtu. Amelijua hilo kwa kukusikia wewe ukijisifu mezani kwamba umepata kazi.

Mkubwa wangu, najua ulilo nalo moyoni, na afadhali nilitaje mimi kabla halijatajwa juu ya kaburi. Unasema nilimpenda mdogo wako, nikampa kazi yangu, wewe nikakuachia jalala. Sikumpa kitu. Alisoma, akaitwa, akachukua mzigo ulionishinda mimi, na kama huo ni upendeleo basi Mungu anipunguzie wa kupendelewa. Na vyuma chakavu si aibu. Umejenga, umesomesha, mama yenu hajawahi kuomba chumvi kwa jirani tangu ulipoanza. Nikiwa na wazee wenzangu nakusifu mpaka wananiambia nibadilishe hadithi. Kwako sikusema, maana sisi wanaume wa ukoo huu sifa ya mtoto inatukwama kooni. Leo imetoka. Sasa na wewe nipe langu. Umeniambia kazi inaanza wiki ijayo. Niahidi kwamba utang'oa mabati, madirisha, vitanda, chochote, na mlango ule utaupita kama huuoni mpaka dada yako apate watu wa kuja nao. Njoo uniahidi kwa mkono, kama mtu mzima.

Mbona wa kushoto?

Tangu lini mtoto wangu ananipa mkono wa kushoto? Toa wa kulia. Mbona umeuficha ndani ya koti, na joto lote hili? Mama watoto, mfungue hicho kitambaa. Polepole.

Umeungua na nini? Mafuta ya injini. Mwanangu, mafuta ya moto humwagika, hukimbia na mikunjo ya mkono. Haya malengelenge yamekaa hapa na hapa, penye gumba na kidole cha shahada, pale mtu anapokishika kitu kidogo akitazame. Tazama dada yako alivyosimama, ameshajua. Ulitapika? Siku ile ile, ukasema ni chakula. Wiki ijayo, kumbe kazi ilishaanza. Ulitaka ile risasi ya kichwani, risasi ina soko, najua, ningekuwa wewe ningeitaka. Na mlinzi wa jengo alikwambia imekufa tangu ungali shule. Hata mlangoni imeandikwa. Basi, basi, usilie. Kuna methali ya guu la asiyesikia, na mtu asiitamke humu ndani, hiyo si ya kumwambia mtoto anayeumia. Mimi nilikuwa nimelala hapa nikitafuta maneno mazuri ya kukukataza.

Kipande kile kiko wapi? Yadi kwako, penye vyuma chakavu, chini ya rundo la risasi. Hukukipasua? Mungu ashukuriwe kwa hilo. Binti yangu, nenda. Usiningoje nife, kufa nitakufa bila msaada wako. Chukua kipimo, watoe watu wote yadi na nyumba za karibu, funga kamba mbali kuliko unavyodhani inatosha, na mtu asilifukue rundo lile, risasi iliyokifunika ndiyo kinga yenu. Wapigie wakubwa. Wakikwambia gari lipo ila ghala halipo, waambie sasa kiko katikati ya mji, waje wakae nacho wao. Na wale vijana waliokuwa na kaka yako siku ile watafutwe wote, hata asiyeumwa, hata aliyesimama kando akivuta sigara.

Na wewe, hospitali. Leo. Daktari usimwambie umeungua, atakupaka dawa ya moto akurudishe nyumbani. Mwambie mionzi. Mwambie kobalti, mwambie siku uliyokishika na muda uliokishika, na usiupunguze kwa kuona haya. Asipoelewa, usitoke, ngoja dada yako. Unaniuliza utapona. Mwanangu, hilo nimekuwa nikiulizwa maisha yangu yote, nami nilikuwa na jibu la kiofisi. Kwako sina. Sijui. Ningekuwa na nguvu ningekubeba mgongoni mpaka mlangoni kwao, lakini hata hiki kikombe siwezi kukiinua.

Mama watoto, maji kidogo... Inatosha.

Watakuja watu kuwaambia msimguse, msilale naye nyumba moja, vyombo vyake vitengwe. Waambieni nimesema mimi. Aliyepigwa na mionzi hawi mionzi, kama aliyepigwa na jua asivyokuwa jua. Mlisheni, mwosheni, laleni naye kitanda kimoja akiogopa. Dada, ukirudi, usimlaumu. Kaka, usimwonee haya. Mimi nizikeni mapema, msingoje mtu wa mbali, na mambo ya matanga yawe madogo, mna kazi kubwa kuliko mimi.

Mungu awaweke. Awape... nyumba yenye sauti. Awape mtu wa kuwasikiliza mnaposema jambo, maana mimi... hilo sikulipata. Mlango umefungwa? Amekwenda? Vizuri. Pikipiki yake ile, naisikia.

Mkubwa wangu, mbona umekaa kule ukutani? Unaogopa kuniumiza. Njoo. Lete mkono huo huo, wa kulia, nitaushika taratibu. Maisha yangu yote nimewaambia watu wakae mbali... kaeni mbali, rudini nyuma, tokeni... Wewe sogea, mwanangu.

Sogea tena.