Vidonge vya Changawa

Kijiweni kwetu Timbwani, kwenye benchi la Luqman muuza kahawa, mtu hali peke yake. Ukija na kashata, yagawanywa. Ukija na halua, haifiki nyumbani. Sheria hii naipenda, maana mimi huja mikono mitupu. Basi Changawa, mpakuzi wa makontena bandarini Kipevu tunayemwita Kreni, aliporudi kutoka kliniki na vidonge vya presha, kaambiwa ajitunze, tulimtunza sote. Kila alasiri kidonge kwa kila mtu, na kahawa juu yake.

— Yakhe, hili benchi lapanda na kushuka, au ni mimi? akauliza Luqman.

— Ni afya hiyo, nikamwambia. Mwili haujazoea kutunzwa.

— Mi nikisimama naona nyota, akasema Griffin, kijana wa bara anayetengeneza simu. Lakini niko fiti, wazee!

— Mimi kichwa chaniuma vilevile, akasema Changawa. Na harusi ya binti yangu Kache ni Jumamosi. Nesi kasema nisipojitunza nitaanguka.

— Kakukataza nini? nikamuuliza.

— Chumvi.

— Basi ni feri! Luqman akajipiga paja. Kila siku wavuka ukivuta hewa ya bahari. Hiyo si chumvi? Wallahi, ziba pua mpaka ng'ambo!

— Na simu atoe mfukoni, akasema Griffin. Inachemsha damu. Aweke kwa soksi.

— Alale miguu ukutani, nikatoa yangu, presha imwagike kwa masikio.

Tulicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Changawa naye akacheka, huku ameshika kichwa. Akatoa kidonge cha mwisho katika mfuko wa dawa, akakivunja kwa meno, akatugawia vipande.

— Bismillahi, akasema Luqman.

Hapo ndipo alipotokea Eddah, mkewe Changawa, na leso za harusi begani. Akautazama mfuko mtupu.

— Baba Kache, dawa zi wapi?

— Shemeji, tunamsaidia kujitunza, akajibu Griffin kwa fahari, kipande bado kiko ulimini.

Eddah akatutazama mmoja mmoja.

— Na akianguka Jumamosi, kuanguka nako mtagawana?

Luqman akaweka dele la kahawa chini. Mimi niliogopa, nasema kweli, nampenda Kreni. Tukainuka sote kwa pamoja tumpeleke kliniki, tukayumba, tukashikana mashati.

Aliyetuvusha barabara, mmoja mmoja, ni mgonjwa mwenyewe.