Akiangalia Pembeni Ndipo Anasikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, mpaka mabati ya kanisa letu hapa Kihesa yasikie!

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia la saba, lakini ndoto ninazo, haleluya! Mungu amenipa binti, Atupele. Tangu aanze kusalimia watu alikuwa anaangalia chini, na kila mtu alimsifu. Bibi yake wa Mbeya, mama mkwe wangu, alijigamba: "Huyu ndiye mtoto! Siyo hao wenu wanaokukodolea macho kama bundi." Tukafurahi. Kumbe tuliita adabu kitu tusichokijua.

Alipoanza chekechea, mwalimu akasema hamwangalii mtu yeyote, hata wenzake wakicheza. Sifa zikageuka. Mama mkwe akaniita Mbeya, tumpeleke kwa mtu anayeombea wagonjwa. Mume wangu alikuwa kazini Mgololo, nikaenda peke yangu. Ndugu zangu, yule mtu alimshika mwanangu kidevu: "Niangalie! Pepo, niangalie!" Atupele alilia mpaka akatapika. Yule mtu akataka tumwache pale, afungiwe ndani mpaka macho yafunguke.

"Mwache, mama Atupele," mama mkwe akasema. "Ni kwa faida yake."

Hapo Bwana alinipa mdomo! "Mama, nakuheshimu sana. Ila Atupele simwachi." Nikambeba mgongoni, mkubwa hivyohivyo, miguu inaning'inia, nikatoka.

Nikaenda naye hospitali. Wakampima damu, majibu tukayasubiri sana. Daktari akasema amezaliwa hivyo, hali hiyo iko kwenye vinasaba vyake, ni wachache wanaoipata. Dawa ya kuiondoa hakuna. "Jicho la mtu kwake ni kama tochi usoni. Akiangalia pembeni ndipo anakusikia. Usimgeuze. Kaa ubavuni kwake."

Nikakaa ubavuni, tukawa tunachambua vifungo vya nguo. Siku moja akasema, macho yake kwenye vifungo: "Mama, imba." Nililia, jamani, huku naimba!

Niliomba Bwana ageuze macho ya mwanangu. Yeye akamtoa kwenye mikono iliyomkaba!

Juzi mama mkwe alikuja. Akakaa mkekani, akaninong'oneza, "Sasa mimi nimwangalie wapi?"

"Angalia vifungo, mama."

Wakachambua pamoja. Atupele akamwegemea begani.

Ndugu yangu uliyemficha mtoto ndani, mtoe! Mwamini Mungu, mpeleke hospitali, usiogope maneno. Jumapili ijayo Atupele atakaa benchi hili la mbele. Usimshike kidevu. Njoo tu ukae kando yake.