Merle Anasikika Tonga

Benchi letu liko nje ya kituo cha mafuta katikati ya uwanda wa Nullarbor, kusini mwa Australia, mahali ambapo ukiona kitu kimesimama wima, hicho si mti, ni nguzo. Tumekaa pale tangu Jumanne kwa sababu Spana alisema atanitengenezea gia boksi, naye ameitandaza juu ya gunia kama muuza dagaa. Spana aliuza magodoro maisha yake yote. Ufundi ulimjia uzeeni, pamoja na kisukari. Mwenzake ni Profesa, aliyekuwa akigawa barua. Gari-nyumba lake lina redio mbili: ile ya barabarani, ambayo madereva wa malori huitumia kutukanana, na ile kubwa ya kuongea na ng'ambo, ambayo mpaka ufanye mtihani ndipo upewe namba. Mimi wananiita Pilipili, na sijawahi kuuliza kwa nini. Kila asubuhi sisi wenye magari-nyumba tulio njiani huitana redioni kwa majina, kila mtu aseme yuko wapi na mzima. Asubuhi hiyo Merle hakuitikia. Merle ni mjane, anasafiri peke yake, na mdomo wake haujui likizo.

— Merle, Merle, unanipata? Ova.

Redio ikakoroma tu. Profesa akaita tena, akataja namba yake yote, herufi kwa herufi, kama anayesoma hukumu. Ndipo ikaingia sauti ngeni, pole, ya mtu aliyeshiba.

— Habari za huko. Naitwa Feleti, nipo Tonga, visiwani huku Pasifiki. Samahani kuingilia. Huyo Merle mimi namsikia vizuri sana. Anawaita. Tairi la nyuma limepasuka, nati zimemshinda, na jiwe limetoboa tangi la maji. Amebakiwa na maji ya birika moja. Yuko njia ya vumbi ya kuelekea kwenye magenge ya baharini, kilomita sitini toka kwenu. Ova.

Gari la kuvuta la kituo lilikuwa limekwenda magharibi, kurudi kesho. Simu huko haishiki. Na jua lilikuwa limeanza kupasua mawe.

— Tonga! Spana akasema. Tonga wanamsikia, sisi hatumsikii?

— Ni kawaida, ndugu yangu, Profesa akasema. Sauti inapaa, inagonga mbingu, inaangukia mbali. Walio karibu inawaruka.

— Kama bosi na mshahara.

— Na ile redio ya barabarani haifiki hata robo ya huko.

— Mimi nakwambia ni bati. Lile gari lake ni bati tupu. Bati linakunywa sauti.

— Bati linywe sauti ya kuja huku, liache ya kwenda Tonga?

— Ndiyo! Penye miti hapana wajenzi.

— Hapa miti iko wapi, Spana?

— Ndo maana na wajenzi hakuna!

Nikawamiminia kahawa, nikasema gari langu wanaliona lilivyo, liko guniani, kwa hiyo la mmoja wao liwashwe. Profesa akatazama juu. Waya wake wa redio ulitoka kwenye paa la gari lake mpaka kwenye mnara wa tangi la kituo, ameuvuta jana mchana kutwa, kapanda ngazi na goti lake bovu.

— Nikiondoka naushusha wote, Pilipili. Na nikiushusha, tutajuaje hali yake?

— Wewe Spana?

— Mimi nimeshatandaza turubai, nimepanga viti, nyama ya kondoo iko jikoni. Hili si gari tu, mama, hii ni nyumba. Nani anaendesha nyumba na sufuria motoni? Mwenda pole hajikwai.

— Na asiyekwenda kabisa?

— Huyo ndiye hajikwai hata kidogo!

Wakacheka, wakarudi kwenye shauri lao. Profesa akasema labda ni madoa ya jua. Spana akasema jua lina madoa tangu lini, hayo ni makampuni ya madini, wamefukia sumaku kubwa kama kanisa. Profesa akasema kama ni sumaku, mbona vijiko haviondoki mezani? Spana akajibu kuwa vijiko vya siku hizi ni vya bei rahisi. Halafu akainamisha kichwa, akashusha sauti.

— Umemwona huyo Feleti kwa macho?

— Nitamwonaje, yuko Tonga.

— Anasema yuko Tonga. Sauti ile safi mno. Mimi naona yuko hapa hapa. Kajificha na redio, anatuchezea. Mchawi mpe mwana akulelee.

— Mwana gani?

— Sijui. Lakini nenda katazame nyuma ya vyoo.

Na Profesa, mtu mwenye namba ya serikali, akaenda kutazama nyuma ya vyoo. Akarudi akasema hakuna mtu ila mbwa wa kituo.

— Mbwa anaongea?

— Hajaongea.

— Anajua anasikilizwa.

Hapo redio ikakohoa.

— Feleti tena. Nimemwambia Merle kwamba ujumbe wake mmeupata tangu asubuhi. Ameshukuru sana. Amesema kwenye gari kumekuwa kama tanuri, kwa hiyo amekaa uvunguni, anatazama barabara. Anauliza, mmefika wapi sasa? Ova.

Profesa akabonyeza kitufe. Akakiachia. Spana akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limeshuka na machicha ya kahawa.

— Mmenipata? Merle anauliza mmefika wapi. Ova.

Nikainuka. Nikachukua kisu cha mkate, nikaenda kwenye mnara wa tangi, nikaukata ule waya. Ukaanguka juu ya turubai la Spana, na redio ikanyamaza.

— Pilipili! Profesa akapiga kelele. Umeharibu! Sasa tutaongea naye vipi?

— Kwa mdomo. Washa gari.